Nyamizi Mahona Anadai Jina Lake

Mchungaji kiongozi, wazee wa kanisa, viongozi wa kata yetu ya Ntalikwa, walimu, wasichana wa Mfuko, ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa leo Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, familia inawasalimu, inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu, na inaomba mkae vizuri, kwa sababu historia mtakayosomewa si fupi kama mlivyozoea. Marehemu aliiandika mwenyewe, kwa mkono wake, kati ya mwezi wa sita na mwanzoni mwa mwezi wa tisa mwaka huu, akaagiza isipunguzwe, isilainishwe, na isomwe kabla ya mzee yeyote hajasimama kutoa nasaha. Ndiyo maana ratiba mliyogawiwa asubuhi imebadilika, na nasaha za Mzee Eustace Lusangija, zilizokuwa namba nne, zimesitishwa mpaka mtakapotangaziwa. Pale mkono wa marehemu ulipochoka familia imemalizia, kwa maelekezo aliyoyaacha.

Kwenye kibali cha mazishi, kwenye pasipoti yake, kwenye cheti chake cha chuo kikuu na kwenye utepe wa shada moja kubwa lililoegemezwa pale mbele, mtasoma jina la Asnath Vedasto. Aliyelala hapa anaitwa Nyamizi Elieza Mahona. Msalaba wake umeachwa bila jina, fundi hakusahau, aliambiwa angoje, na sababu ya kungoja mtaisikia kadiri tunavyokwenda.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika kitongoji cha Mabangwe, Sikonge, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Elieza Mahona, mkulima wa tumbaku na mrina asali, na Mama Kabula Sayi, akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 6 Aprili mwaka huohuo, kwa jina la Nyamizi, ambalo lilikuwa la bibi yake mzaa baba. Kadi ya ubatizo huo, iliyotunzwa miaka hamsini na sita ndani ya kopo la maziwa ya unga, ipo mezani pale kwa yeyote anayetaka kuisoma. Tangu utotoni alikuwa mbishi, alichapwa mara nyingi kwa kubishana na wakubwa, na mara nyingi zaidi ikaja kuonekana kwamba ndiye aliyekuwa amesema kweli, ingawa hakuna aliyewahi kumwomba radhi kwa fimbo zile.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1977 katika shule ya msingi ya kijijini, akamaliza la saba mwaka 1983, akiwa wa kwanza katika kata nzima, wavulana kwa wasichana, kwa alama ambazo mwalimu wa darasa aliziandika ubaoni na kukataza zisifutwe wiki nzima. Miaka hiyo lilikuwapo shirika moja la wafadhili kutoka nje lililokuwa likichukua msichana mmoja kila kata, likimlipia sekondari mpaka chuo, na mwezi wa tisa mwaka huo Nyamizi alijaza fomu, na mahali pa anwani akaandika kama alivyoandika kila mtu wa Mabangwe, yaani sanduku la posta la chama cha msingi cha tumbaku, kwa kuwa kijiji kizima hakikuwa na sanduku jingine. Ufunguo wa sanduku lile ulikaa kwenye mfuko wa shati la katibu wa chama, Bwana Eustace Lusangija, wakati huo mwenye umri wa miaka arobaini na minne, mtu aliyeaminiwa kiasi kwamba wasiojua kusoma walimpa barua zao awasomee, naye alijua nani kafiwa na nani kaolewa kabla ya wenyewe. Hilo ndilo kosa letu watu wa Mabangwe, kwamba tulimpa mtu mmoja ufunguo na hatukumwomba hata siku moja tuuone mfuko wa barua ukifunguliwa.

Barua ya kuchaguliwa kwa Nyamizi ilifika Januari 1984. Bwana Eustace aliifungua, akaisoma, akaiweka, kisha akaja mwenyewe nyumbani kwa Mzee Elieza na kilo moja ya sukari, akakaa kwenye kigoda, akatoa pole, akasema majina yametoka na la binti halimo, na kwamba Mungu ana mipango yake. Familia ilimshukuru, na sukari ile tuliinywea chai mpaka ikaisha. Wiki iliyofuata binti yake, Imakulata, aliyesoma darasa moja na Nyamizi na aliyekuwa ameshindwa mtihani, aliondoka kijijini, watu wakaambiwa amekwenda Tabora mjini kwa shangazi kujifunza cherehani.

Mwaka mzima wa 1984 na nusu ya 1985 Nyamizi alifunga majani ya tumbaku kwenye vijiti, akakausha, akapanga, mikono ikawa myeusi kwa utomvu usiotoka kwa sabuni, naye akiamini kwamba hakufaulu. Anaandika kwamba kazi ile haikumwumiza kama kile kilichomwuma kweli, kwamba alijidharau, kwamba alifika mahali akawaambia wadogo zake kuwa yule mwalimu aliyeandika alama ubaoni alikosea kujumlisha. Marehemu alitaka mjue kwamba hilo hakulisamehe mpaka mwisho, maana shule mtu anaweza kuipata baadaye, lakini miezi kumi na minane ya kujiona mjinga hakuna aliyeweza kumrudishia.

Julai 1985 Mzee Elieza alipakia madebe mawili ya asali kwenye baiskeli akaenda kuyauza Tabora, na mmoja wa wanunuzi wake alikuwa mlezi wa bweni katika shule moja ya wasichana, ambaye walipokubaliana bei aligeuka na kuita wasichana waje kubeba, akataja jina la Nyamizi Mahona. Mzee alifikiri amesikia vibaya. Lakini jina likaitwa tena, na aliyekuja mbio akiwa amevaa sare, akipangusa mikono kwenye sketi, alikuwa Imakulata binti Eustace, ambaye alipomwona mzee yule alisimama, akapiga goti, akasema shikamoo baba, na Mzee Elieza kwa mazoea akaitikia marahaba, wakaangaliana, kisha binti akanyanyua debe akaondoka nalo akilia. Baba yetu alisukuma baiskeli karibu njia yote ya kurudi, hakuipanda, na alipofika nyumbani alimwambia Nyamizi kwamba alichaguliwa, kwamba yuko kidato cha pili, na kwamba, kwa maneno ya mlezi wa bweni, anafanya vizuri isipokuwa hisabati.

Kesi ilipelekwa baraza la kijiji mwezi uliofuata. Bwana Eustace alisimama akauliza iko wapi hiyo barua wanayosema, nani aliyeiona, na kama Mzee Elieza ana ugomvi na chama cha tumbaku basi aseme wazi, wazee wa baraza wakatazama chini, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na mzigo ghalani uliongoja kupangiwa daraja na chama hichohicho. Masoko ya 1986 tumbaku yote ya Mzee Elieza iliandikwa daraja la mwisho, na robo yake ikarudishwa nyumbani kwa kusemekana ina unyevu, wakati jirani aliyekausha kwenye bani hilohilo la kukaushia tumbaku, kwa kuni zilezile, alilipwa daraja la kwanza. Kulikuwa na watoto wengine watano waliokula kutokana na mzigo ule. Mzee Elieza aliifuta kesi, na hakuwahi tena kumtazama binti yake usoni bila kwanza kukohoa, mpaka alipofariki tarehe 2 Novemba 1991, na kwenye mazishi yake Bwana Eustace alikaa kiti cha mbele na kutoa nasaha kwa dakika arobaini.

Mapema mwaka huohuo wa 1986, kabla ya masoko, mjomba wa marehemu, Mzee Vedasto, aliyekuwa mfanyakazi wa reli Urambo, alikuja kumchukua. Mwalimu mkuu wa kule aliwaeleza kwamba jina la Nyamizi Elieza Mahona liko kidato cha tatu Tabora, na mtu hawezi kuwa kidato cha tatu na hapohapo anaomba kurudia darasa la sita, hivyo Mzee Vedasto akamwandikisha kama mwanawe wa kumzaa, Asnath Vedasto. Ule ulikuwa uongo, na marehemu aliagiza usomwe hapa kama uongo wake na wa mjomba wake, ili mtu yeyote asije kuufukua baadaye akidhani amepata silaha. Alimaliza la saba tena mwaka 1987, akawa wa kwanza tena, na safari hii Mzee Vedasto alikwenda wilayani kwa miguu yake kusoma orodha ya majina ubaoni, akaisoma mara mbili.

Alisoma sekondari kuanzia 1988 hadi 1991, kidato cha tano na sita hadi 1994, na mwaka 1995 akapata ufadhili wa shirika moja la wanawake uliomfikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako alisomea ualimu wa Kiswahili na Historia, akahitimu Novemba 1998 akiwa na miaka ishirini na tisa, mkubwa kuliko wenzake wote bwenini, wakimwita shangazi. Aliajiriwa sekondari moja wilayani Nzega. Mwaka 1999 aliitwa kwenye semina ya walimu Tabora mjini, orodha ya mahudhurio ikapita mkononi mwake, akaona jina lake mwenyewe, Nyamizi E. Mahona, mwalimu wa shule ya msingi, limeshatiwa saini, alipoinua macho Imakulata alikuwa ameketi viti vitatu kutoka kwake. Imakulata alitoka kwenda kunywa maji na hakurudi siku zote tatu za semina. Marehemu alibaki na ile orodha, akaikunja, akaitia kwenye mkoba, na hiyo nayo ipo mezani.

Tarehe 22 Desemba 2000 alifunga ndoa na Bwana Anton Mihayo, afisa nyuki wa wilaya, mtu mpole ambaye sote tunajua amevumilia mengi, na mbele ya madhabahu bibi harusi alitaka aitwe Nyamizi, cheti cha serikali kikaandikwa Asnath, hivyo Bwana Anton hupenda kusema kwamba alioa wake wawili kwa mahari moja na wote walikuwa wakali. Mungu aliwajalia watoto wawili wa kiume, Deus, aliyezaliwa 2002, na Elieza, aliyezaliwa 2004. Yupo pia mtoto wa tatu, ambaye marehemu hakumzaa, na habari zake zitafuata.

Mwaka 2006 alipata ufadhili wa shahada ya pili nchini Korea Kusini, katika jiji la Busan, na alipomaliza mwaka 2008 chuo kilimbakiza kufundisha Kiswahili mpaka 2014, akirudi nyumbani kila likizo na mabegi yaliyojaa viatu vya watoto wa ndugu zake. Wanafunzi wake walimpenda, wengine wametuma salamu za rambirambi kwa Kiswahili ambacho baadhi yetu hapa tungekionea aibu kwa jinsi kilivyo safi. Lakini mnajua somo la kwanza la Kiswahili ni kuulizana majina. Kila muhula alisimama mbele ya darasa jipya, akaandika ubaoni, jina lako nani, kisha akatoa mfano yeye kwanza, jina langu ni Asnath, na vijana ishirini wakairudia sentensi ile kwa sauti, na anaandika kwamba kwa miaka sita alianza kazi yake kwa kudanganya watoto wa watu, na kila alipodanganya alimkumbuka mtu mmoja aliyekuwa Sikonge akinywa uji wake kwa raha.

Alirudi mwaka 2014, akajenga hapa Ntalikwa, na tarehe 14 Machi 2015, siku aliyotimiza miaka arobaini na sita, alifungua ofisi ya vyumba viwili na kuandika mlangoni Mfuko wa Nyamizi. Umewalipia wasichana sabini na mmoja kutoka Sikonge, Urambo, Nzega, Igunga na hapa mjini, na kati yao kuna wauguzi, mahakimu wawili, wahandisi, walimu, mmoja anafundisha Kiswahili Kigali na mwingine yuko Poland. Kanuni zake mnazijua na mlizilalamikia. Barua ya ufadhili haitumwi popote, msichana anaifuata kwa miguu yake akiwa na mzazi wake na cheti cha kuzaliwa, inasomwa kwa sauti mlango ukiwa wazi, na anatia saini mbele ya watu wasiopungua watano. Badala ya kumshukuru marehemu kwa kanga na kuku, kila mnufaika anatumikia vijiji kila likizo, anafundisha hesabu watoto wa darasa la saba bila malipo, na majina ya waliochaguliwa yanapotoka anakwenda wilayani kuyanakili yote kwa mkono, anarudi nayo, anayasoma kijijini nyumba kwa nyumba. Kwa njia hiyo, kati ya mwaka 2016 na mwaka jana, watoto tisa waliokuwa wameambiwa hawakuchaguliwa walikutwa wamechaguliwa, na wanaume wanne waliokuwa wakitunza funguo na orodha za watu wengine hawazitunzi tena.

Mwaka 2017 serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi, marehemu hakungoja kuulizwa. Alivaa gauni lake jeusi, akachukua kadi ya ubatizo, picha ya darasa la saba, orodha ya semina na mashahidi wanne, akaenda kueleza kwamba mwalimu anayeitwa Nyamizi Mahona si Nyamizi Mahona, na Imakulata, baada ya miaka ishirini na saba kazini, akaondolewa bila kiinua mgongo. Wapo waliosema ni ukatili, kwamba Imakulata alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne alipopelekwa shule kwa jina la mwenzake, na kwamba maji yameshamwagika. Marehemu aliwajibu kwamba naye alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne. Hakujuta, aliliandika neno hilo na kulipigia mstari, na familia haitajuta kwa niaba yake.

Wakati huohuo alimwomba Wakili Godbless ashughulikie jina. Wakili alimweleza kwamba njia fupi ni kubadili jina kwa hati, kazi ya wiki mbili, marehemu akakataa katakata, kwa maana anayebadili jina anaomba jipya, na yeye hakuhitaji jipya. Njia ndefu ilitaka viapo viwili, kimoja cha mtu aliyelitumia jina, na kingine cha mtu aliyeipokea barua, vikieleza nini kilifanyika Januari 1984. Mzee Eustace aliombwa kiapo hicho mwaka 2017 akasema hakumbuki. Aliombwa mwaka 2021, wakati kijiji kimeshaandika jina lake kwenye ukuta wa darasa jipya kama mpenda elimu, akasema anakumbuka ila si busara kufufua mambo.

Sasa habari za mtoto wa tatu. Agosti 2020 alifika ofisini Ntalikwa msichana wa miaka kumi na tisa, amefaulu kidato cha sita, amepata nafasi chuo cha ualimu, hana ada, na kwa mujibu wa kanuni akatoa cheti chake cha kuzaliwa. Mahali pa jina la mama palikuwa pameandikwa Nyamizi Elieza Mahona. Marehemu alikisoma, akacheka mpaka akashika meza, kisha akafunga mlango, kitu ambacho hakikuwahi kutokea katika ofisi ile, akamwuliza msichana nyumbani kwao mama yake anaitwa nani. Msichana akaeleza kwamba mbele ya watu ni Mwalimu Nyamizi, na ndani ya nyumba haitwi kwa jina lolote, kwa sababu babu alishapiga marufuku lile la zamani lisitajwe hata na watoto, wasije wakaropoka, na kwamba yeye mwenyewe alilijua jina la mama yake siku mama alipofukuzwa kazi. Msichana huyo ni Martha, binti wa Imakulata, mjukuu wa Mzee Eustace, na ndiye anayewasomea maneno haya.

Kamati ya Mfuko ilitaka akataliwe. Marehemu alisema karatasi ya serikali inasema ni mwanawe, na yeye hajawahi kumnyima mwanawe shule, akamlipia miaka mitatu yote, na leo Martha anafundisha sekondari Urambo. Hakuna aliyemlazimisha kusoma hapa. Marehemu alitafuta wa kusoma kwa niaba ya familia, Deus akasema atalia, mdogo wake akasema atatukana, na Martha akaomba yeye, kwa kuwa ana lake moyoni, kwa kuwa alikua katika nyumba ambayo mama yake mzazi alikuwa akiitikia jina la mtu mwingine na akishtuka kila posta ilipotajwa, na mtu aliyeyafanya hayo alikuwa akikaa mezani na kuombea chakula. Martha anamwamkia babu yake, shikamoo babu, na anaendelea kusoma.

Marehemu alianza kuugua Oktoba 2024, akagundulika na saratani ya kongosho Januari 2025, akatibiwa hapa Tabora na baadaye Mwanza, na madaktari walimwambia ukweli, jambo alilolithamini kuliko dawa. Tarehe 28 Agosti Imakulata alikuja wodini, hakuletwa na mtu, akasimama mlangoni, marehemu akamwita kwa jina lake, Imakulata, nalo lilikuwa limeshakuwa geni masikioni mwa mwenyewe, naye mgeni akakaa chini pale sakafuni. Alisema amechoka kuitikia. Wakili aliitwa, kiapo cha kwanza kikaandikwa na kutiwa saini siku hiyohiyo, na wale wanawake wawili hawakukumbatiana wala kusameheana, walikula chungwa moja wakigawana, wakazungumza juu ya mwalimu wa darasa la saba na alama zake za ubaoni. Tarehe 3 Septemba Mzee Eustace naye alifika na mchungaji na kapu la matunda, akasali sala ndefu, na alipoombwa kiapo kwa mara ya tatu alisema kwamba yeye ni mtu mzima wa miaka themanini na sita, ana heshima yake, na kwamba mambo hayo marehemu aende nayo. Marehemu alimshukuru kwa matunda, na alipotoka akaomba kalamu aongeze ukurasa. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, Bwana Anton akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tabora na Mwanza kwa subira yao kwa mgonjwa aliyewasahihisha Kiswahili mpaka siku ya mwisho, majirani wa Ntalikwa kwa turubai, kuni, maji na usingizi waliokosa, walimu wenzake wa Nzega, chuo cha Busan, kwaya, na wasichana wote sabini na mmoja wa Mfuko, ambao wameomba wao ndio wabebe jeneza na familia imekubali. Inamshukuru Imakulata kwa kuja na kukaa upande wa wafiwa. Na kwa namna ya pekee inamshukuru Mzee Eustace Lusangija kwa kuvaa suti yake na kuja mwenyewe na shada lile kubwa lenye utepe wa jina la Asnath, kwa sababu kama asingekuja ingetubidi tuhamishie shughuli hii nyumbani kwake, na uwanja wake ni mdogo kwa umati huu.

Lile alilobakiza marehemu ni moja. Wakili Godbless ameketi kwenye meza ile ya kushoto, kiapo cha pili kimeshachapwa, kina sentensi nne tu, muhuri upo, kalamu ipo, na kiti kimewekwa ili Mzee asisimame muda mrefu. Fundi rangi naye yupo tayari. Mzee Eustace anaombwa aende pale, aeleze kwa sauti mbele yenu barua ya Januari 1984 ilikuwa ya nani, kisha atie saini, na jeneza halitanyanyuliwa mpaka atakapokuwa amefanya hivyo. Mchungaji ameombwa kungoja, amekubali. Anayeona tunamdhalilisha mzee yuko sahihi, marehemu alilikusudia hilo na familia inalikusudia pia. Akikataa, hatutamsukuma wala kumzomea, na yeyote atakayemgusa tutamtoa nje ya turubai, ila Martha atageuza karatasi na kuanza kuisoma historia hii upya tangu kuzaliwa, na ikifika hapa ataianza tena, na wasichana sabini na mmoja wamekubali kumpokea sauti ikimkauka. Wapishi wameshaarifiwa, chakula cha jioni kitatosha watu wote.

Wewe, Nyamizi Elieza Mahona, pumzika. Sisi tupo hapa, tunamngoja.